Dakika Tisa za Ambakisye

Kwenye geti la Kituo cha Punje mtu huacha chuma chote alicho nacho. Usifikiri ni kisu na simu tu. Ni mkanda kwa sababu ya bizimu yake, viatu kwa sababu ya misumari ya kisigino, pini za nywele, zipu, na kwa wanawake zile kulabu ndogo za sidiria ambazo hakuna anayezikumbuka mpaka mashine ipige kelele. Kisha mgeni huvalishwa kanzu ya pamba yenye vifungo vya mbao, anatembea kilomita nne kwenye upepo wa nyanda za juu za Ufipa, mpaka aione nyumba ya mawe ambako Skolastika Msangawale alikuwa akiishi peke yake kwa mwaka wa tisa sasa.

Skola alikuwa na miaka hamsini na miwili, na nyumbani mwake hamkuwa na msumari hata mmoja. Alipikia sufuria ya alumini, alilala kwenye kitanda cha kamba, mlango aliufunga kwa komeo la mti. Kila Jumatatu mkokoteni wa punda wenye magurudumu ya mbao ulimletea unga na mafuta. Mwenye punda alishusha mzigo kwenye jiwe la mpaka, akapiga mluzi, akageuza. Mumewe alivumilia miezi minne. Alisema upepo wa huku una maneno mengi kuliko mkewe, akapanda mkokoteni huohuo, na tangu siku hiyo hakuna mtu aliyegombana na Skola juu ya chumvi kwenye mboga. Alikuja kuutamani ugomvi huo kuliko alivyotarajia.

Taabu yote hiyo ilikuwa kwa ajili ya punje. Wengi bado tunaikumbuka miaka ya sauti za uongo, marehemu walipokuwa wakipiga simu. Uko zako unaanika nguo, simu inalia, unapokea, ni mama yako uliyemzika mwezi uliopita, anakuagiza shamba umwachie binamu yako. Kumbe ni mashine imeiga sauti yake. Watu waligombana, watu walirukwa na akili. Ndipo ikaja sheria: sauti ya aliyekufa ni ile tu iliyoandikwa kwenye punje, mara moja, akiwa hai, mbele ya mashahidi; na nakala nyingine zote zichomwe.

Punje yenyewe ni fuwele isiyozidi mbegu ya ufuta. Ndani yake mna molekuli zisizohesabika, na kila moja ni sumaku inayojitegemea: atomu moja ya disprosi, metali adimu, iliyobanwa katikati ya pete mbili za kaboni, kama tonge katikati ya viganja. Kaskazini yake ikitazama juu, hiyo ni ndiyo. Ikitazama chini, hiyo ni hapana. Ndiyo na hapana zikipangwa kwa mstari, mtu anaongea, anacheka, anakohoa. Ili zisigeuke ovyo zinatumbukizwa katika heliamu ya kimiminika inayopandishwa kutoka visima vya bonde la Rukwa, nyuzi mbili tu juu ya ile baridi ambayo chini yake hakuna nyingine. Chuma kikikaribia, zinayumba. Joto likiingia, zinasahau.

Kazi ya Skola ilikuwa kuhakikisha hazisahau.

*

Siku ya Jumanne asubuhi ujumbe uliingia kupitia waya wa kioo. "Mrithi wa punje 4417 atafika Alhamisi saa nne. Pima, thibitisha, andaa chumba cha kusikilizia."

Skola aliusoma mara mbili. Punje zilikuwa elfu sita na ushee, na katika hizo zote 4417 ndiyo aliyoijua kwa jina: Ambakisye Mwakalobo, mchimba visima vya heliamu, mzaliwa wa Rungwe, aliyekufa kwa maradhi ya kifua akiwa na miaka thelathini na minne.

Lazima niseme ukweli juu ya huyu mwanamke, maana mwenyewe hakuwahi kuusema kwa mtu. Mtunza haruhusiwi kusikiliza. Anapima tu. Lakini miaka sita nyuma, mvua za masika zilipokata njia na mkokoteni usionekane wiki tano, Skola alijikuta hajatamka neno kwa sauti siku kumi na tisa. Alijaribu kuimba, sauti ikatoka kama ya mtu mwingine. Akashikwa na hofu. Akaingia chumba cha baridi, akachukua punje ya kwanza iliyokuwa karibu na mkono wake, akaimulika kwa mwanga wa kusomea.

"Haya, mwanangu," ilisema sauti ya mwanamume, huku kisu kikikwangua kitu, "umekula? Mimi namenya ndizi hapa. Tuongee nikiwa namenya, ukiniona nimekaa bure utadhani naumwa."

"Bado sijala, baba," Skola akajibu, akaangua kilio.

Tangu hapo akawa anamsikiliza kila saa kumi, na chai. Ambakisye aliongea dakika arobaini na moja. Alieleza jinsi ya kumenya ndizi mbichi bila utomvu kukushika vidole, alimsengenya shemeji yake, aliimba ubeti mmoja wa wimbo wa kanisani na kuukosea. Alikuwa mdogo kwa Skola kwa miaka kumi na minane, lakini Skola alimwita baba bila aibu. Baba yake mzazi aliongea na mbuzi kuliko alivyoongea na watoto, kwa hiyo nafasi hiyo ilikuwa wazi.

Wala hakujiona mharibifu. Kuna njia mbili za kuiuliza punje habari zake. Ya kwanza ni ya mawimbi: unaiweka katikati ya sumaku kubwa ya kituo, unaipigia mawimbi mafupi kuliko ya redio, unayabadilisha polepole mpaka ufikie lile ambalo molekuli zinalimeza. Hapo kwenye karatasi kinachomoza kilele. Kilele kikiwa chembamba na kirefu, molekuli zote zimekubaliana, punje ni nzima; kikitanuka na kulegea, kuna zilizogeuka. Hiyo ndiyo spektra ya afya, na sheria inataka ichukuliwe kila mwaka. Ya pili ni ya mwanga: unatuma mwanga unaozunguka kulia, kisha unaozunguka kushoto, na molekuli inayotazama juu inameza mmoja zaidi ya mwingine. Kwa tofauti hiyo unasoma ndiyo na hapana moja baada ya nyingine. Ni njia laini. Kitabu cha mafunzo kilisema mwanga huo hauigusi punje, na Skola aliamini kitabu.

Kosa lake halikuwa hilo peke yake. Kila mwaka alipopima punje zote elfu sita kwa mawimbi, ya Ambakisye aliiruka. Alijaza fomu tu: salama. Nani anampima homa mtu anayekula naye kila siku? Jana alimsikia, leo amemsikia, yu mzima. Ndivyo alivyojiambia miaka sita, kwa roho safi kabisa.

*

Jumanne hiyo aliipima. Kilele kilitoka kimelala, kipana kama mgongo wa ng'ombe.

Alidhani amekosea kufunga kifuniko. Akarudia. Akapasha mashine, akasubiri saa nzima, akarudia mara ya tatu. Mgongo wa ng'ombe. Akaimulika kwa mwanga, akasikiliza. Mwanzo ulikuwa safi, ndizi na shemeji. Ilipofika dakika ya kumi na nane sauti ikakatika, ikawa mvumo kama wa nyuki kwenye mzinga, na mvumo ukaendelea mpaka dakika ya ishirini na saba. Kisha Ambakisye akarudi, anacheka, anasema, "Basi, hilo tumelimaliza."

Lakini jana tu alikuwa ameyasikia maneno yale yote! Alikaa kwenye kigoda akafikiri, na alipofikiri aliona. Kila herufi kwenye punje imeandikwa mara saba, na mashine inafuata walio wengi. Mbili zikigeuka, tano zinazobaki zinaficha aibu. Mwanga kila ulipopita uliacha joto dogo, dogo mno, linalotosha kuisukuma molekuli moja katika elfu kadhaa hadi nusu ya mlima uliopo kati ya ndiyo na hapana. Na hizi molekuli zina tabia isiyo ya vitu vya kawaida: ikifika nusu ya mlima haihitaji kupanda kilele, inapenya katikati na kutokea upande wa pili. Mara elfu mbili alimmulika. Na zile dakika tisa alikuwa akizirudia hata mara tatu kwa siku, kwa sababu alizipenda kuliko zote. Saba zikawa tano, tano zikawa nne, nne zikawa tatu. Walio wengi wakageuka.

Ni yeye aliyemwua, kwa kumsikiliza.

Mchana alimpigia kwa waya uleule wa kioo mkuu wake, Bwana Fulgensi, aliyekaa ofisini Sumbawanga na kupiga miayo kwenye simu. Skola akamweleza yote bila kuficha, hata ile ya chai. Miayo ikakoma.

"Skola, dada yangu," akasema. "Umeniweka pabaya. Ulikuwa na upungufu gani mpaka uanze kusikiliza wosia wa watu?"

"Wa mtu wa kuongea naye, bwana mkubwa."

Fulgensi akakohoa. "Hizo dakika tisa unazijua?"

"Neno kwa neno."

"Basi jaza. Mashine ina dakika thelathini na mbili za sauti yake, itaiga bila shida. Andika maneno, iache iyatamke, yapige kwenye punje. Kilele kitakuwa tofauti kidogo, lakini anayekiona kilele ni wewe peke yako. Binti atasikia baba yake, atalia kidogo, atashukuru, ataondoka. Nani ameumia?"

"Sheria si ilitungwa kwa ajili ya hilohilo?"

"Sheria ilitungwa kuzuia uongo. Wewe unarudisha ukweli. Na ukimwambia huyo binti, mimi sina namna, Skola. Nitakuondoa hapo wiki hiyohiyo. Utakwenda wapi?"

Hilo swali la mwisho lilimkaa. Kwa kweli hakuwa na pa kwenda. Watu wa nje walimchosha kabla hawajamaliza salamu.

Jumatano alijaza. Aliandika maneno kama alivyoyajua, mashine ikayatamka, naye akayasikiliza kwanza kabla ya kuyapiga kwenye punje. Yalitoka kwa sauti ya Ambakisye mwenyewe, na lafudhi yake ya Rungwe. Yalikuwa mazuri. Ila alikumbuka kulikuwa na kikohozi mahali fulani. Akakiongeza baada ya neno "hospitali", akasikiliza. Akakihamisha kabla yake, akasikiliza. Pote kilikaa vizuri. Alihangaika nacho hadi jua likapita dirishani, akitafuta kikohozi kilikuwa wapi, na mwisho akatambua kwamba hajui, na kwamba popote atakapokiweka, binti wa watu atakichukua kuwa cha baba yake mpaka aingie kaburini. Alifuta kila kitu. Kisha akaketi nje ukutani, upepo ukimpiga, akalia kwa kwikwi, maana alijua ameshakosa kazi na bado hajafanya lolote la maana.

*

Tusekile Mwakalobo alifika Alhamisi saa nne kasoro, kanzu ya kituo imemzidi urefu, miguu mitupu imejaa vumbi. Alikuwa na miaka ishirini na mmoja, umri ambao sheria inamruhusu mrithi kusikiliza.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Pole na safari. Karibu uji."

"Ndaga, mama, asante. Nitakunywa baadaye." Hakukaa. Alisimama mlangoni akilishika pindo la kanzu kama mtoto aliyeitwa ofisini kwa mwalimu. "Nikikaa nitaogopa. Naomba nisikie kwanza."

"Unaogopa nini?"

Tusekile alitazama chini. "Baba alipolazwa nilikuwa na miaka miwili. Bibi alinibeba mgongoni, basi mbili, mpaka hospitali. Baba akakataa nisiingizwe. Akawaambia manesi, huyo mtoto arudishwe. Bibi amenisimulia hivyo maisha yangu yote, na kila akisimulia anaongeza kwamba lazima alikuwa na sababu. Sababu hakuna anayeijua." Akainua uso. "Nimesubiri miaka kumi na tisa, mama. Nataka nimsikie anaisema kwa mdomo wake, hata kama ni mbaya."

Sababu Skola aliijua. Ilikuwa ndani ya zile dakika tisa, tena dakika hizo zote zilikuwa sababu hiyo. Mashine ilikuwa pale, hatua sita kutoka alipokuwa. Angeweza kumwambia binti anywe uji kwanza, na katika muda wa bakuli moja akairudisha kazi yote ya jana.

"Kaa chini, mwanangu," akasema. "Lazima ukae."

Akamwambia. Alimwambia habari ya mvua ya masika na siku kumi na tisa, ya chai ya saa kumi, ya kitabu cha mafunzo, ya fomu alizoziandika salama bila kupima. Hakulia, maana aliona hana haki ya kulia mbele ya huyu. Akamwambia ni dakika zipi zimepotea na nini kilikuwemo.

Tusekile alimkodolea macho.

"Umemsikia mara ngapi?"

"Kama elfu mbili."

"Elfu mbili." Alilitamka taratibu. "Mimi sijamsikia hata mara moja."

"Najua."

"Hujui! Ungejua usingefanya!" Alisimama, akaenda dirishani, akarudi. "Ulikuwa unamwitaje?"

"Baba."

Binti alicheka kicheko kikavu kisicho na furaha, akafunika uso kwa mikono yake miwili. Nje upepo uliendelea na shughuli zake. Hatimaye akasema, bila kuondoa mikono, "Mulika."

"Kila ukimulika unamchubua zaidi."

"Mulika, mama. Mara moja ni yangu."

Walisikiliza pamoja, Tusekile kwenye kiti cha mbao karibu na kipaza sauti, Skola amesimama nyuma karibu na mlango kama mtumishi. Kisu kilikwangua. Ambakisye akauliza kama mwanawe amekula, na Tusekile akafungua mdomo lakini hakujibu kitu. Alicheka kwenye habari ya shemeji. Kumbe huyo shemeji alimfahamu, bado yu hai, na bado ana tabia zilezile. Skola, ambaye miaka sita alimcheka shemeji huyo bila kumjua, aliona wivu, akauonea haya. Kisha ikafika dakika ya kumi na nane, na nyuki wakaanza.

Tusekile alivumilia dakika moja. Mbili. Alikuwa ameinama, sikio karibu liguse mashine, kana kwamba akikaza zaidi atayapata maneno chini ya mvumo.

"Sema," akasema ghafla. "Hapa anasemaje? Sema unavyojua, usipambe."

Skola akavuta pumzi. Hakuhitaji kukumbuka, maneno yalikuwa tayari mdomoni kama sala. Akaanza, na bila kutaka sauti yake ikashuka, ikachukua mwendo wa Ambakisye na vituo vyake.

"Leo walikuleta, nikakataa usiingie. Nimekusikia kwenye korido unamwita bibi. Nataka ujue nimekusikia. Nimekonda, mwanangu, nimekuwa wa kutisha, hata mimi kioo nimekigeuza ukutani. Una miaka miwili. Utakachokiona leo ndicho kitakuwa mimi siku zote, na mimi sitaki kuwa hiki. Kwa hiyo nimekunyima baba wa hospitali ili nikuachie huyu anayemenya ndizi. Labda nimekosea. Ukiona nimekosea, nikasirikie, ni haki yako. Lakini usije ukadhani sikukutaka. Nilikutaka mpaka nikauma shuka, Skola."

Alisikia alichokisema baada ya kukisema.

Nyuki walivuma. Tusekile aligeuka polepole kwenye kiti.

"Aliniita hivyo?"

"Hapana. Alikuita jina lako. Alisema Tusekile. Mimi ndiye... Sikujua kama nimebadilisha. Naapa sikujua."

"Na mengine? Umebadilisha mangapi mengine usiyoyajua?"

Skola alitaka kusema hapana, hakuna, yote yaliyobaki ni yake. Aliyatafuta maneno yale kichwani, moja moja: kioo, shuka, korido. Yote yaling'aa sawasawa, lile la uongo na yale ya kweli.

"Sijui, mwanangu," akasema.

Mvumo ukakoma. Ambakisye akarudi, akacheka, akasema basi, hilo tumelimaliza, akaendelea na ndizi zake. Binti yake alinyoosha mkono, akazima. Alikaa akiitazama mashine, machozi yakimtiririka bila sauti na bila yeye kuyafuta.

"Wewe sikuamini," akamwambia Skola. Halafu, kwa sauti ndogo, "Rudia. Safari hii niite mimi."

Skola akasogea, akaketi sakafuni mbele yake, akarudia kuanzia mwanzo. Kila palipokuwa na jina alisema Tusekile. Alisema taratibu, akilipima kila neno kabla ya kuliachia, na kila aliloliachia alihisi linakwenda kwa mwenyewe na halitarudi tena kwake saa kumi wala saa nyingine yoyote. Alipofika mwisho binti hakusema asante wala hakusema inatosha.

"Rudia," akasema.